Pampu Zilizogoma Siku ya Hamsini

Kwa miaka sita Poongodi, mwandishi wa programu katika karakana moja ya Coimbatore, hakuwa na dosari. Aliandika programu ya kisanduku kinachowasha pampu za mashambani: kila baada ya saa sita maji yatoke nusu saa, mkulima akae zake kivulini. Bosi wake, Nachimuthu, aliuza visanduku mia sita, akatamba kana kwamba yeye ndiye aliyegundua maji.

Sifa zote hizo zilitokana na umeme mbovu. Ndani ya kisanduku mna kihesabu kinachohesabu muda mfululizo tangu umeme uwake. Baada ya siku arobaini na tisa na ushei kinajaa, kinarudi sifuri. Poongodi hakulikumbuka hilo. Siku hiyo ikifika, programu yake ingeipangia pampu iamke kwenye namba ambayo kihesabu hakitaifikia kamwe, na pampu, kwa utiifu wake, ingengoja hadi kiama. Lakini umeme ulikatika kila siku, kihesabu kikaanza upya, na kosa likalala usingizi wa pono.

Kisha wakubwa wakafanya ubaya wakaleta umeme usiokatika. Siku ya hamsini pampu zote za kijijini kwao Poongodi ziligoma, isipokuwa ya baba yake, mzee Kandasamy. Kila Ijumaa mzee huzima swichi, hukipaka kisanduku manjano na unga mwekundu wa ibada, kisha huwasha tena. Wanakijiji wakang'amua: mashine inataka heshima. Wakazima, wakapaka, wakawasha, na pampu zikapona. Wataalamu wakubwa hao.

Aliyeumia ni Ponnathal. Alikuwa amekwenda kwa dada yake siku tatu, na miche yake yote ya nyanya ikakauka. Ponnathal ni mjane, na kwa mila zao mjane haushiki unga mwekundu. Basi sababu ikapatikana bila jasho.

"Mashine gani itautii mkono ule?" wanawake walisema, naye akiwasikia.

Poongodi alilikuta kosa ndani ya siku mbili, akaenda kwa bosi.

"Ni mstari mmoja tu, bosi, na ni kosa langu. Tuvirudishe visanduku tuvirekebishe."

"Vyote mia sita? Watu wameshapona kwa ibada, wewe unawatafutia ugonjwa?" Nachimuthu alicheka. "Ukifungua mdomo, usirudi hapa."

Kesho yake akachapisha karatasi ya maelekezo: zima kila Ijumaa, fanya ibada, washa. Poongodi akawa kuhani bila kusomea. Akanyamaza, kwa kuwa mshahara nao una utamu wake, na aibu ilimla kila alipokaa kula.

Jumapili moja alikuwa kijijini, kwenye foleni ya kupimisha maziwa. Ponnathal alisimama mwisho kabisa, mbali kidogo na wenzake, maana siku hizi ndipo walipomwachia nafasi. Poongodi hakuweza tena.

"Shangazi," aliita, kila mtu akasikia, "miche yako niliiua mimi. Nilikosea hesabu ndani ya kisanduku. Unga hauhusiki."

"Nyamaza, mwanangu, unajiaibisha," baba yake alinong'ona.

"Baba, pampu yako ilipona kwa sababu uliizima. Hata ungeipaka kinyesi cha ng'ombe ingepona."

Wanawake wakaanza ghafla kuchunguza ndoo zao. Ponnathal alisogea karibu.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe."

"Kila usiku namuuliza Mungu nimemkosea nini." Alimtazama usoni. "Wewe ulijua lini?"

Poongodi alitamani kusema jana.

"Wiki tatu zilizopita."

Ponnathal alibeba ndoo yake, akaipita foleni nzima, akaenda kusimama mbele ya mizani. Hakuna aliyemwambia arudi nyuma.