Nyumba Isiyopakiwa Kwenye Lori

Kwingine duniani mwanamke akiachana na mumewe huondoka na sanduku. Huku Giakanja kuna walioondoka na nyumba. Waithira, jirani wa Wachuka, alifanya hivyo mumewe alipomchosha: mafundi wawili waling'oa ubao mmoja mmoja, wakapakia mabati na milango, na kufikia saa kumi jioni lori lilikuwa njiani kwenda kwa kaka yake. Palibaki sakafu ya saruji na masizi mahali pa jiko. Mbao zilikuwa zake, hakuna aliyembishia.

Wachuka alicheka sana siku ile. Yeye alikuwa anajenga ya mawe, kwa sababu nyumba ya mbao, alisema, ni ya mtu asiye na hakika.

Alijenga miaka kumi na mmoja kwa kahawa, maziwa na sare za shule alizoshona sokoni. Mumewe, Kim, baba wa mwanawe Ken, alikuwa mjini Kenol akiuza vipuri vya magari. Siku ya kuhamia alikuja, akachinja mbuzi, akahutubia wageni kama vile yeye ndiye aliyebeba mawe, kisha akarudi Kenol, ambako kila mtu alijua ana mwanamke mwingine, Tabby, na watoto wawili.

Wachuka alipotimiza miaka hamsini na mmoja alipanda ngazi hadi ofisi ya Beth, wakili mjini Nyeri, akasema anataka talaka.

"Talaka utapata," Beth alisema. "Hati ya shamba iko kwa jina la nani?"

"Mama mkwe. Wakiuru."

"Na nyumba?"

"Nyumba ni yangu."

"Imekaa juu ya nini?"

Beth alimweleza polepole: mahakama hugawa mali ya mume na mke, na ardhi ile haikuwa ya mume wala mke. Ilikuwa ya bibi kizee aliye hai. Angeweza kudai jasho lake, lakini angekuwa anamshtaki Wakiuru, tena kwa miaka. Njia nyepesi ni Wakiuru mwenyewe aandike wosia.

Wakiuru hakuhitaji kubembelezwa. Alhamisi alivaa koti lake la kanisani, akashikwa mkono na Wachuka hadi kwa Beth, akaketi na kuanza kusema kabla hajaulizwa.

"Andika. Nampa Wachuka, mke wa Kim, robo eka na hiyo nyumba ya mawe."

Beth aliinua kalamu. "Tuandike Wachuka tu, mama?"

"Kwani Wachuka ni wangapi? Andika mke wa Kim."

"Maitu," Wachuka alisema, na neno hilo, mama yangu, lilimtoka kwa shida, "jina langu pekee linatosha."

Kizee alimgeukia. "Ati linatosha? Nikitoa Kim hapo, wewe ni nani kwangu? Wale vijana wangu wengine wataniuliza nimepea nani shamba ya baba yao. Niwaambie jirani?"

"Mimi ndiye nakupeleka kliniki."

"Na ndio nakupatia, mama Ken. Sipatii Kim, huyo ataiuza kesho. Nakupatia wewe, bibi yake." Alimpigapiga goti. "Hakuna mtu atakutoa."

Beth alizungumza akimtazama Wachuka, si kizee. "Lazima niseme wazi. Kukiwa na talaka kabla mama hajafariki, ndugu zake Kim watasema aliyetajwa hapa hayupo tena. Wanaweza kushinda."

"Talaka ya nani?" Wakiuru aliuliza.

"Nasema tu kama wakili, mama."

Wakiuru alikuwa na miaka themanini na mmoja, na meno yake mengi bado. Mama yake mzazi alifika mia na tatu. Wachuka alikuwa amezijua hesabu hizo siku zote na hakuwahi kuzifanya. Sasa alizifanya, akajiona ana miaka sabini na tatu, bado mke wa Kim, akifagia veranda.

"Andika hivyo," alisema.

Mashahidi wawili waliitwa kutoka ofisi jirani. Kizee alitia kidole gumba kwenye wino, akabonyeza kwa uangalifu, akaomba chai na mandazi.

Walipokuwa mlangoni, Beth alishika bahasha ya kahawia. "Na ile faili yako nyingine?"

"Faili gani?" Wakiuru aliuliza.

"Ya kahawa, Maitu." Wachuka alimshika kiwiko ashuke ngazi. "Hiyo bado."