Aliyeruhusiwa Kumwogesha Babu Yako

Baba yangu na mama yangu walizaliwa upande wa Nyamira, kwenye mteremko mmoja, na mimi nikazaliwa hapo hapo, katika nyumba ya nyasi iliyotazama shamba la wimbi. Majina yao unayajua, usiyaandike. Baba alisema mtoto wa kike atajifunza kupalilia, nami nikajifunza kupalilia. Kalamu sikuishika. Mimi nasema kwa Kigusii, nawe, mjukuu wangu, uandike kwa Kiswahili safi ulichofundishwa, ili wake za ndugu zako waliotoka mbali waelewe kwa nini nyumba hii inaendeshwa hivi.

Niliolewa hapa Kenyenya. Babu yako alikuwa mwepesi wa kuchuma chai kuliko vijana. Ugonjwa ulianzia mkononi: kidole gumba na cha shahada vikawa vinasuguana vyenyewe, kana kwamba anaviringisha punje ya wimbi. Kisha uso wake ukaacha kucheka. Nilidhani amenuna, nami nikanuna. Tukakaa hivyo msimu mzima.

Daktari mmoja mjini Kisii ndiye aliyetueleza kwamba sehemu ya ubongo inayoamuru viungo inakufa polepole, na kwamba dawa zitamsaidia lakini hazitamponya.

"Na kucheka?" babu yako akauliza.

Daktari akasema hata kucheka ni kazi ya misuli. Tulipotoka nje, babu yako akaniambia, "Basi ujue kwamba ndani nacheka."

Miaka ikapita, nikawa namfunga vifungo, namlisha, namsimamia nyuma miguu yake inapoganda kizingitini. Baba yako alimpigilia mbao za kushikilia kutoka mlangoni hadi bafuni. Lakini kumwogesha ilikuwa kazi yangu peke yangu. Kwetu kuna chinsoni, yaani heshima ya haya kati ya mzazi na mtoto. Mwana hauoni uchi wa baba yake, na mke wa mwana haingii hata chumba anacholala mkwewe. Anayeita jambo hilo ushamba hajawahi kumtazama mzee aliyebakiwa na heshima hiyo tu.

Ijumaa moja nilikuwa namwogesha kabla jua halijatua, ili Sabato imkute safi. Akaganda, akaegemea nyuma. Nilimdaka, bega langu likateguka, tukaanguka wote wawili kwenye saruji yenye povu. Baba yako alikuwa akimkatia ng'ombe majani. Alikuja mbio, akakwama nje ya mlango wa mabati.

"Mama, niingie?"

"Usiingie."

"Ameumia?"

"Nimesema usiingie."

Nilimsikia akihema. Kisha akavua koti lake, akalirusha ndani juu ya mlango. Nilimfunika babu yako kwa mkono mmoja, ndipo nikamwita. Aliingia akiwa ametazama juu kwenye bati, akapapasa mpaka akamfikia baba yake, akambeba hivyo hivyo, asitazame chini hata kidogo.

Nilifungwa bega na kukatazwa kuinua kitu. Jumamosi baada ya kanisa, tulikaa wote watatu.

"Mama, hospitalini mzee angeoshwa na yeyote," baba yako akasema. "Mimi ni mwanawe. Niruhusuni."

"Hapa si hospitalini."

"Basi akae bila kuoga?"

Nilijua kwamba babu yako akiogeshwa na mwanawe, hatamwinulia tena macho mezani. Babu yako alikuwa akihangaika na sauti yake, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imeshuka ikawa mnong'ono. Tukainama tumsikie.

"Mwiteni mume mwenzangu," akasema.

Alikuwa anakutaja wewe. Kati ya babu na mjukuu hakuna haya, kuna utani. Mko rika moja, na mimi nimekuita mume wangu tangu ukiwa mgongoni. Lakini ulikuwa umepanga chumba kule Nyanchwa, mjini Kisii, unakuja na mkate, unaondoka, tukawa tumekuhesabu mgeni. Sote tulikuwa tumesahau, yeye hakusahau.

Ukaja Jumapili. Nilikaa nje nikiwasikia.

"Mzee, simama wima. Mke wetu akikuona umepinda hivi, atanichagua mimi."

Ukangoja, maji yakidondoka. Nilidhani hakusikia.

"Na utamlipia nini," akasema, "wewe usiye na hata kuku?"

Baba yako alikuwa mekoni akiwachemshia maji. Alisikia hayo, akavuta kigoda, akaketi. Tangu Ijumaa hakuwa ameketi akatulia.

Sasa umerudi kukaa nasi, na babu yako anameza uji kwa shida. Shika haya. Ulichokiona bafuni kibaki bafuni. Mwili wake usiuandike popote. Baba yako akizeeka, usimwogeshe wewe. Kazi hiyo itakuwa ya wanao, kwa hiyo usiwalee mbali naye hata wamwonee haya. Na utani uendelee kila siku. Ukimchokoza, mngoje ajibu, hata maji yakipoa kidogo, wala usimjibie. Siku ambayo hataweza kujibu, mchokoze vivyo hivyo, kisha ungoje kama kawaida.