Ojara, mnyamazisha kompyuta wa Nsambya anayehesabu wateja wa jirani

Saa mbili kasorobo asubuhi, na Ojara ameshahesabu wanne. Yeye mwenyewe hajafungua hata kompyuta moja. Wanne hao ni wateja wa Bibiane, fundi mwenzake mwenye meza ng'ambo ya njia.

"Wa tano yule," anamnong'oneza mkewe, Akwero, aliyemletea chai ya chupa. "Na kabeba laptopu mbili! Mtu mmoja, laptopu mbili, banange!"

"Kunywa chai, itapoa," Akwero anamjibu.

Hainywi. Anahesabu.

Meza ya Ojara iko kwenye baraza moja upande wa chini wa kilima cha Nsambya, katikati ya duka la sufuria na saluni. Kazi yake ni kunyamazisha kompyuta. Kile kidirisha kinachochomoza pembeni mwa kioo na kutangaza kwamba kuna sasisho jipya, pakua sasa, washa upya sasa, ndicho adui anayemlisha. Kwa shilingi elfu tano anakiondoa, hakirudi tena.

Kwa asiyejua, hicho ni kidirisha tu. Kwa mtu wa ofisi ndogo aliyenunua bando la intaneti la wiki nzima, ni mwizi. Anakwenda kula mihogo, anarudi, sasisho limelila bando lote na kompyuta inajizungusha kama kuku aliyekatwa kichwa.

"Mteja wangu wa kwanza alikuwa wakili," Ojara anasimulia. "Kidirisha kilimsumbua mpaka akakiandikia barua ya onyo, nakala kwa hakimu. Hakikujibu. Ndipo akaja kwangu."

Anayasema hayo bila kutikisa hata sharubu. Msikilizaji atajua mwenyewe apunguze kiasi gani.

Ojara ana miaka sitini na mmoja. Alizaliwa katika nyumba za polisi hapo hapo Nsambya, akaingia polisi kama baba yake, akastaafu akiwa mwendesha redio. Inasemekana masikio yake yaliweza kusikia inspekta akikunja uso kule Port Bell. Anayesema hivyo ni yeye.

Ufundi hakufundishwa na mtu. Alipostaafu alipewa laptopu kuukuu iliyovunjika bawaba, na kila baada ya dakika kumi ilimtaka asasishe printa asiyokuwa nayo. Alipigana nayo siku tatu. Siku ya nne aligundua mahali kompyuta inapoficha orodha ya programu zinazoamka pamoja nayo asubuhi, na nyuma yake ratiba ya siri ya zile zinazojiamsha zenyewe mchana. Akazing'oa moja moja, kama magugu.

Kwa miaka saba alikuwa peke yake. Siku njema ilimpa shilingi elfu sitini.

Kisha akaja Bibiane. Mama wa miaka thelathini na minne, kutoka Butembo, Kongo ya mashariki, na binti yake mdogo Estelle. Alitandika kitambaa cha maua juu ya meza, akaketi akimtazama Ojara uso kwa uso.

Mwanzoni Ojara hakumjali. Lakini pole pole watu wakaanza kuvuka njia. Kilichomuuma Ojara zaidi si kuvuka, bali kusubiri.

"Mimi dakika tano, kazi imekwisha," analalamika. "Yeye dakika arobaini! Anamhoji mteja kama anamwozesha. Hiki kinataka nini? Kinasema mara ngapi? Unafanya kazi siku gani? Na watu wanakaa kwenye benchi lake wanatabasamu."

Alidhani siri ni benchi. Akachonga lake, refu kuliko la Bibiane, akalipaka rangi ya buluu. Likajaa siku hiyo hiyo. Walikuwa wateja wa Bibiane. Benchi la Bibiane halikuwatosha.

"Hata mke mwenza hana wivu kama wako," Akwero alimwambia jioni ile.

"Si wivu. Ni uchunguzi."

Mteja mkubwa pekee aliyembakia alikuwa Madam Atoo, mwenye ofisi ya kuchapa yenye kompyuta sita. Atoo huchapa programu za mazishi, zile karatasi za ratiba ya ibada, na siku yenyewe huleta laptopu na projekta kuonyesha picha za marehemu kanisani. Mwezi wa sita, katikati ya ibada moja, kidirisha kilichomoza juu ya paji la uso wa marehemu: washa upya sasa, au nikukumbushe baadaye?

Bibi mmoja wa mstari wa mbele alijibu kwa sauti, "Baadaye, mwanangu. Baadaye."

Atoo alimletea Ojara laptopu ile akiwa bado na aibu. "Afande, nimekuwa kwako tangu uanze. Jumamosi tunamuaga Sajini Ocira, na kambi nzima ya polisi itakuwepo. Kikitokea kidirisha kimoja tu, kompyuta zangu zote sita zinavuka njia."

Kompyuta sita, kila mwezi. Bila hizo, meza ya Ojara ingebaki pambo la baraza.

Siku ile hakutumia dakika tano. Alitumia mchana mzima, jicho moja kwenye kioo, jingine ng'ambo. Aling'oa kidirisha cha printa, cha kuchezea video, cha programu ya majaribio inayodai kukulinda na virusi. Wivu ukamsukuma mbele: kila tangazo, kila mlio, kila onyo ambalo laptopu ile ingeweza kulitoa, akalifunga.

"Hata ningeikanyaga, isingesema kitu," anakiri.

Jumamosi kanisa lilifurika. Ojara alikaa nyuma, amevaa koti lake la kustaafia. Safu mbili mbele yake aliketi Bibiane, aliyekuwa amepanga chumba kwa familia ya marehemu. Picha zilianza: Ocira kijana, Ocira na baiskeli, Ocira siku ya harusi. Hakuna kidirisha. Ojara akajinyoosha ili Bibiane, akigeuka, asimkose.

Umeme ukakatika. Hakuna aliyeshtuka, jenereta ya vipaza sauti ilichukua kazi, na projekta ilikuwa imechomekwa huko. Laptopu ndiyo iliyokuwa kwenye soketi ya ukutani. Ikaendelea kwa betri yake, iliyokuwa imechoka zamani. Wakati wowote mwingine ingepiga kelele kwamba chaji inakwisha. Lakini midomo ilikuwa imefungwa yote.

Ikatokea picha ya Ocira amevaa sare, mkono kwenye saluti. Kisha ukuta ukawa mtupu.

"Basi Ocira amekufa mara mbili," alisema mzee mmoja, na nusu ya kanisa ilimsikia.

Atoo alibonyeza, akabonyeza, wapi. Aliyeinuka ni Bibiane. Alichomoa chaja ukutani, akaivuta mpaka kwenye waya wa jenereta, akaiwasha laptopu huku kwaya ikiimba beti mbili ambazo hazikuwa kwenye programu. Ocira akarudi, bado anapiga saluti.

Nje ya kanisa Bibiane alimfuata Ojara. Hakupaza sauti.

"Papa Ojara, umefunga midomo yote, hata ule wa kulia njaa."

Jumatatu kompyuta sita zikavuka njia. Ojara alizihesabu zikipita, moja baada ya nyingine. "Niliona kama majeneza," anasema. Mapato yake yalishuka hadi elfu ishirini kwa siku, na siku nyingine hata hiyo hakuiona.

Wiki nzima alinuna. Alimwambia mwenye duka la sufuria kwamba chaja ya Mkongomani yule imezindikwa, kwamba ameiona ikipumua. Mwenye duka akavuka njia na laptopu yake, kwenda kuiona.

Ni Akwero aliyemaliza mchezo. Aliichukua laptopu ya mumewe, ile ya bawaba iliyovunjika, akamwekea mapajani. "Nenda ukakae kwenye benchi lake. Ungoje zamu kama binadamu wengine."

Akaenda. Alikuwa wa saba.

Bibiane aliifungua, akatazama kwa muda, akatikisa kichwa. "Papa, mashine hii ilikula lini mara ya mwisho?"

Tangu siku ile ya nne ya vita vyake, haikuwahi kupata sasisho hata moja la usalama. Mlangoni mwake angeweza kuingia ng'ombe.

Basi akamwonyesha, na kwa mara ya kwanza Ojara alisikia maswali yale akiwa karibu, pamoja na majibu yake. Kinachopiga kelele ili kukuuzia kitu, toa kwenye orodha ya kuamka, toa kwenye ratiba, na kama hukitumii, kiondoe chote. Sasisho la kompyuta yenyewe usilifunge mdomo. Lipe saa yake. La kompyuta za Atoo yeye alilipangia Jumapili asubuhi, ofisi ikiwa imefungwa na wenyewe wako misa. Onyo la betri, usiliguse kabisa.

"Na wewe hayo ulijifunza wapi?" Ojara aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Hapa." Bibiane alinyoosha kidole kwenye meza ya Ojara, ng'ambo. "Nilipofika, miezi minne sikupata mteja. Nilikaa nikihesabu wa kwako. Wengine walirudi kwako wakilalamika, nikasikiliza wanalalamikia nini. Jumanne moja ulipata kumi na mmoja. Nilirudi nyumbani nikalia, Estelle akaniuliza nani kafa."

Ojara alihesabu kwa vidole.

"Kumi na watatu," akasahihisha. "Wawili walipitia nyuma."

Siku hizi juu ya meza yake kuna kipande cha boksi kilichoandikwa kwa wino mwekundu: TUNAULIZA KWANZA. Kazi yake sasa inachukua nusu saa. Atoo amekubali kumjaribu kwa kompyuta moja, ile kongwe zaidi, ambayo haijawahi kupelekwa kwenye mazishi. Mpango wa Ojara ni kuzirudisha tatu kabla ya Krismasi. Sita hazitaki tena, anasema. Kisha anasema anazitaka.

Kijana wa ofisi, laptopu kwapani, anasimama katikati ya njia. Anatazama kulia, anatazama kushoto, anasoma kipande cha boksi. Anakuja kwenye benchi la buluu na kuketi kando ya wawili waliomtangulia.

Ojara hamwangalii. Anaangalia ng'ambo, ambako Bibiane ameinua kichwa, midomo yake ikichezacheza.

"Akwero!" anaita, na chai hatimaye anainywa, mkupuo mmoja. "Umeona? Anahesabu!"