Ngano Yangu Isiyoinama

Mimi ni mtu niliyemwalika mkwe wangu kutoka Iringa aje aone mavuno, nikammwagia makapi, kwa hiyo mnaotaka kucheka anzeni sasa ili baadaye mnisikilize vizuri.

Miaka ile ya sabini nilimaliza kidato cha nne nikarudi kwetu, milimani juu ya Mbeya, wakati wenzangu wote wanakimbilia mijini (mimi hata kushuka sokoni kununua sabuni naona ni safari). Nikalima ngano kwenye mteremko unaotazamana na baraza yetu, nikapalilia mpaka shamba likawa safi, na baada ya palizi ya mwisho nikafanya uamuzi mmoja mdogo tu: sipandi tena mlima ule, nitalisimamia shamba kutoka kwenye kiti changu barazani, na kikombe cha chai mkononi.

Dada yangu Tusekile hakuniacha. "Kaka, si uende ukalione?"

"Naliona toka hapa."

"Hata mwezi unauona toka hapo."

Lakini niliona kweli, na nilipendezwa, maana ngano za majirani zilikuwa zimeinamisha vichwa kama watoto waliogombezwa, na yangu imesimama wima shamba zima, kama gwaride. Nikajiambia hiyo ndiyo ngano ya msomi. Basi nikatuma ujumbe Iringa kwa baba yake Leokadia, mchumba wangu, aje ajionee, kwa sababu mzee alikuwa ameshatamka kwamba binti yake hampi mtu wa kushinda barazani, na nilijua msimu ule nisipombadilisha mawazo, Leokadia nimemkosa.

Mzee akaja na basi, amevaa koti jeusi la kanisani. Majirani wamefika na miundu yao, pombe ya komoni imeiva, na mimi badala ya kunyamaza nikasimama pembeni ya shamba nikahutubia: "Baba, ngano hii haimwinamii mtu."

Mzee akachuma suke, akalifikicha viganjani, akapuliza. Vyote vikaruka. Akachuma lingine, na lingine, kisha akanifunulia kiganja. Kitupu.

"Mkwe," akasema taratibu, "itainamishwa na nini?"

Mwenye akili angekiri hapo hapo. Mimi nikasema labda ni za pembeni tu, za katikati zina punje, nikawaomba watu wavune zote, wakavuna, wakatandaza kwenye turubai, wakapiga kwa fimbo huku nawahimiza, mpaka upepo wa mlimani ukaja ukayabeba makapi yote ukayamwaga juu ya lile koti la kanisani, ndevu, na mtungi wa komoni. Kilichobaki turubaini hakikujaza kikombe changu cha chai. Kuku walikuja, wakaparua kidogo, wakaondoka.

"Sasa unaliona?" akauliza Tusekile.

Mzee akajipangusa, akaulizia basi la kurudi. Nikaona nafasi yangu ya kumpata Leokadia inaondoka na basi hilo hilo.

Aliyeniokoa ni bwana shamba, ambaye (tuseme ukweli) alikuja kwa ajili ya komoni. Alikuwa amechutama anakagua mabua, akamwonyesha mzee majani ya juu yalivyopauka na kujisokota nchani.

"Huu si uvivu, mzee. Udongo wa hapa umepungukiwa shaba. Mmea unahitaji chembe tu, lakini ukizikosa, suke linabaki ganda. Msimu ujao apulizie mrututu kidogo, ile dawa ya bluu yenye shaba, ya kwenye kahawa." Akanigeukia. "Ila majani haya hayakupauka leo. Ungepita ungeyaona, ukaniita mapema."

Mzee akazunguka shamba lote, anatazama chini. "Magugu hakuna," akasema mwishowe. "Basi mikono anayo. Miguu ndiyo hana." Akasema atarudi msimu ujao kabla ya mavuno, na mpaka hapo binti haendi kwa mwingine.

Msimu uliofuata nilikuwa shambani kila asubuhi, majirani wakiniuliza kama nimefukuzwa nyumbani. Mzee akaja (koti ameliacha Iringa), akafikicha suke, akapuliza. Punje zikabaki. Akazitafuna polepole, mimi jasho linanitoka na baridi yote ile, halafu akanimiminia zilizosalia kiganjani.

"Tafuna na wewe, mkwe."

Sijawahi kula kitu kitamu vile.

Tangu hapo sisifu shamba ambalo sijalikanyaga. Na hata ningetaka nisingeweza, maana Leokadia alipohamia kwetu, kitu cha kwanza alichokiondoa barazani ni kile kiti.