Posa Iliyokwama kwa Dome

Mzee mmoja wa Igogo amefariki, na tangu juzi nasikia akimwagiwa sifa mpaka masikio yananiuma. Eti bingwa wa Kiswahili, eti mstaarabu wa pwani. Pwani ipi? Alizaliwa hapa hapa Igogo, mama yake Msukuma wa Kisesa, na amekufa hajatia hata kidole baharini. Aliyetoka pwani ni babu yake, tena na mizigo ya watu kichwani. Mungu amrehemu, lakini sitaandika uongo kwa sababu ya msiba.

Niwaeleze wasomaji wa huku kwetu ziwani: dome ni mnyama wa baharini, jamaa ya ngisi, mwenye mwili mpana na mfupa mweupe mwepesi mgongoni, akitishwa humwaga wino. Watu wengi huwaita wote ngisi, na maisha yanaendelea. Kwa mzee, thubutu! Asiyeweza kumtofautisha dome na ngisi, na ngisi na pweza, alikuwa mshamba wa kutupwa. Maneno hayo aliyapata kwa babu yake, akayageuza kuwa kipimo cha utu.

Miaka michache kabla ya Uhuru, karani mmoja wa kinu cha pamba, kijana wa Kisesa tuliyekuwa tukiswali naye msikiti mmoja, alileta posa kwa mzee. Binti alimtaka, mtaa mzima ulijua. Mzee akasema mshenga hatoshi, aje kijana mwenyewe. Nilikuwepo barazani. Kijana akainama, "Shikamoo, mzee." Hakuitikiwa. Aliulizwa, "Dome ni nini?"

"Sijui, mzee. Kwetu sisi ni sato na kambale."

"Basi nenda kaoe kambale."

Wakacheka! Watu wazima na kanzu zao, wakacheka. Nikasema, "Mzee, huyu anaoa binti, haoi samaki." Akanikata, "Wewe nyamaza, bara imekuingia." Kijana aliondoka, na baadaye akaoa kwingine, huko Bujora. Wachumba waliofuata waliulizwa lile lile, mpaka ikawa haji mtu.

Ukaja Uhuru. Loo! Mzee yule yule akapanda jukwaani kuomba uongozi wa tawi, anahutubia kwa Kisukuma, anajiita mtoto wa Kisesa, ndugu yenu wa damu. Haya hakuwa nayo hata chembe. Watu wakapiga makofi, na binti yake alikuwa nyumbani akimpikia.

Jana msibani msemaji mmoja alitangaza kwamba marehemu ametuachia hazina ya maneno. Niliondoka pale nikaenda mlango wa nyuma kumpa pole binti yake, aliyemuuguza peke yake hadi mwisho. Wenzake wa rika lake ni mama fulani na mama fulani. Yeye sikujua nimwiteje, nikasema tu, "Pole, binti."

"Asante, baba," akajibu. "Marehemu alinifundisha maneno yote ya baharini. Mimi nilitaka moja tu, mtu aniite mama."

Wenye mabinti, kijana akija na adabu na kazi yake, na binti akimtaka, waozesheni. Kujiona hakujampa mtu mjukuu.