Niliyafunga Madirisha ya Wodi ya Wanaume

Kosa ni langu. Nisimsingizie Mkoloni, ingawa hilo nalo nililijaribu kichwani kwa wiki nzima.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii yangu, nikaajiriwa msaidizi wa katibu katika hospitali moja hapa Kakamega. Nyumbani walinichinjia ingokho, kuku wetu wa heshima, nikapewa firigisi, kipande cha wakubwa, mbele ya wajomba zangu. Tangu siku hiyo sikuambilika.

Tukapata habari kuwa mgeni mkubwa kutoka Nairobi angekuja Ijumaa kuitazama wodi ya wanaume. Nikaamuru kuta zipakwe rangi ya mafuta, na sakafu isuguliwe kwa nta iliyoyeyushwa na tapentaini. Na wagonjwa je? Niliwafikiria sana, jamani! Niliandika faida na hasara kwenye karatasi, nikaamua wabaki palepale, maana mgeni hawezi kusalimia vitanda vitupu.

Kisha nikaanza kuhofia vumbi la barabarani, lisije likanata kwenye rangi mbichi. Nikaagiza madirisha yote yafungwe na nyufa zibandikwe magazeti.

Harufu ikapanda. Mimi niliifurahia! Kwetu hospitali isiyonuka dawa haiaminiki. Nikadhani hiyo ndiyo harufu ya maendeleo.

Mama Awinja, mfagiaji wa wodi hiyo, mtu wa Khwisero na wa umri wa mama yangu, akaja ofisini. Akaniambia wagonjwa wanaumwa vichwa, wawili wametapika, na mzee mmoja wa pumu anahema kama anayepanda mlima. Nikamhutubia nusu saa juu ya vumbi na viini vya magonjwa. Alisikiliza amesimama. Sikumpa kiti.

"Mwanangu," akasema, "hata kuku wakifungiwanga hivyo, asubuhi unakuta wamekufa."

Alhamisi adhuhuri nikakuta Mama Awinja ameyafungua madirisha yote. Mzee wa pumu ameketi kitandani, anakunywa uji. Ukuta nao umejaa vumbi jekundu kama umenyunyiziwa pilipili. Kati ya mzee na ukuta, mimi niliuona ukuta.

Nikamwandikia mkubwa wangu barua palepale. Nilitumia neno "ukaidi", nikaona ni dogo, nikaongeza "hujuma". Jioni Mama Awinja hakuwa na kazi tena.

Mgeni hakuja.

Rangi iliyobaki ikapakwa ofisini mwangu. Nami, mtu wa msimamo, nikafunga dirisha. Siku ya pili macho yalinitiririka, kichwa kikawa kinagonga. Nikajiambia ni malaria. Halafu nikaona ni uvimbe wa ubongo. Halafu nikasadiki kwamba Mama Awinja ameniroga. Niliandika wosia, vitabu vyangu vyote nikamwachia ndugu yangu asiyependa kusoma. Walinikuta nimelala juu ya mafaili.

Daktari alifungua dirisha kwanza, ndipo akanishika mkono. "Umelewa rangi, bwana. Mvuke huu ukifungiwa ndani ni sumu. Nani alifunga hapa?"

Nikageuka, nikaanza kupanga mafaili.

Nilipaswa niende kwa mkubwa siku ileile, niseme mama yule alikuwa ameokoa watu. Lakini mimi ni mimi! Nikaandika rasimu. Nikaona "nilikosea" ni neno zito, nikaweka "ilionekana". Hadi rasimu ya tisa mwezi ulikuwa umekwisha, na nafasi yake kapewa mtu mwingine.

Nikaenda Khwisero. Nilimkuta akipalilia shamba la watu, kibarua. Nikamsomea barua yangu yote, aya kwa aya. Alisikiliza ameegemea jembe.

"Ile ya kunifukuza uliiandika kwa siku ngapi?"

"Moja, mama."

"Haya." Akainama, akaendelea kupalilia.

Ndugu msomaji uliyepewa ofisi juzi, usipake rangi nyumba yenye wagonjwa ndani, na ukipaka, acha madirisha wazi hata kama rais yuko njiani. Anayeshinda wodini akikwambia hewa ni mbaya, iamini pua yake kabla ya digrii yako. Na ukimkosea, andika barua mbovu, yenye madoa ya wino na makosa ya sarufi, lakini ipeleke leo.