Ndege Niliyemtetea Bwawani Zombo

Hasira haijaniisha, na wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Wiki iliyopita, kwenye bwawa letu la Zombo, nilimwona ndege mweusi mwenye shingo ndefu juu ya kisiki, katandaza mabawa, hatikisiki. Nikaandika jina lake kwenye kijitabu changu: mbizi. Jina lenyewe lilinieleza kazi yake, lakini sikujiuliza. Baada ya saa nzima nilipita tena, yuko vilevile. Chini ya kisiki ulipita wavu wa Mzee Mohamedi, mvuvi wa hapa. Basi nikajua: mzee kamnasa!

Nilimleta mtendaji wa kijiji, huku nafoka njia nzima. Mzee alikuwa ukingoni akishona wavu mwingine. Mimi, mwalimu mzima, sikumpa hata shikamoo.

"Huyu hana huruma! Mnyang'anye nyavu!"

"Mwalimu, mbona ndege huyo anajianika tu?" mzee alisema. "Akizamia manyoya yanalowa. Lazima akauke."

"Usitufanye watoto!"

Mtendaji akaanza kuukunja ule wavu unaolisha nyumba ya mzee. Hapohapo ndege akafunga mabawa, akajitosa majini. Ikaibuka shingo peke yake kama nyoka, samaki kachomwa mdomoni mithili ya mshikaki. Akamrusha juu, akammeza.

Mzee Mohamedi akanigeukia. "Haya, Mwalimu. Na huyo mnyang'anyeni nyavu."

Mtendaji alicheka mpaka akaketi chini.

"Shikamoo, Mzee," nilisema.

Hakuitikia. Alikuwa akiukunjua wavu wake.